DAKTARI ALLISON NA SIRI YA DAMU

Katika toleo hili nataka kukujulisha kwa mtu ambaye wengi wetu hatumjui hata kwa sura, ingawa kazi yake inafundishwa katika masomo ya Bayolojia duniani kote. Naye ni marehemu Daktari Anthony Clifford Allison.

Allison alizaliwa tarehe 21 Agosti 1925 huko East London, Afrika Kusini, lakini alilelewa papa hapa Kenya, katika shamba karibu na Gilgil. Alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha akaenda Oxford, Uingereza, kusomea udaktari.

Mwaka wa 1949 alirudi Kenya na msafara wa Oxford uliokuja Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu! Alizunguka kwa makabila mbalimbali akipima makundi ya damu, na pia akitafuta selimundu.

Hapo tutue kidogo tuelewane. Chembe nyekundu ya damu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Kwa mgonjwa wa selimundu, chembe hujikunja kama mundu wa kukatia nyasi na huvunjika baada ya siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana macho yake huwa ya manjano na damu humpungukia. Akifika hospitalini, maabara hupima mambo kadhaa. Himoglobini huwa imeshuka. Bilirubini, ile rangi ya manjano itokayo kwa chembe zilizovunjika, huwa imepanda. Chembe changa nazo huwa nyingi, kwa sababu mwili unakimbizana kujaza pengo. Vipimo hivi vikikubaliana, daktari anajua kuwa chembe zinaharibiwa, lakini bado hajajua mharibifu ni nani. Hata malaria huvunja chembe. Basi lazima chanzo kitafutwe. Kwa selimundu, tone la damu huchanganywa na dawa ya kuondoa oksijeni, kisha huangaliwa kwa hadubini kama chembe zitajikunja.

Allison alipopima watu, alishangaa. Pwani na karibu na Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na chembe za kujikunja, na wengi wao ni wazima kabisa, kwa kuwa walirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu. Kwenye nyanda za juu hawakufika hata 1 katika 100. Sasa, ugonjwa unaoua watoto, mbona haujaisha? Allison akafikiria mbu.

Mwaka wa 1953 alirudi kuhakikisha. Wajaluo 30 waliojitolea waliambukizwa malaria. Kati ya 15 wasio na selimundu, 14 walionekana na vijidudu. Kati ya 15 waliorithi kwa mzazi mmoja, ni 2 tu. Siku hizi jaribio la namna hiyo lingezua maswali mengi, na ni haki tuwakumbuke hao waliotoa miili yao. Karibu na Kampala alipima watoto 290: wenye selimundu 12 kati ya 43 walikuwa na malaria, na wasio nayo 113 kati ya 247. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1954. Kumbe baniani mbaya, kiatu chake dawa!

Baadaye Allison aliongoza maabara ya utafiti wa magonjwa ya mifugo jijini Nairobi. Kisha huko Marekani, yeye na mkewe Elsie Eugui walitengeneza dawa inayosaidia waliopandikizwa figo. Alifariki Februari 2014, akiwa na miaka 88.

Wenzangu, sisi wa Saboti tuko juu kwenye baridi, lakini jamaa zetu wengi wako chini Bungoma, kwenye mbu. Binamu yangu wa huko aliitwa mtoto aliyerogwa kwa sababu ya macho yake ya manjano, mpaka damu yake ilipopimwa. Hakurogwa. Alirithi kutoka kwa baba na mama, wote wazima, wote wasiojua. Wazazi wa aina hiyo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Kwa hivyo ukimwona mwenzako darasani ana macho ya manjano na viungo vinamuuma, usimcheke wala usimkimbie. Mwambie aende akapimwe. Nawe pia jipime, ujijue kabla ya kuoa au kuolewa.