Carl Linnaeus na Mabawa Yasiyoruka

Maharage yanapotoa maua katika shamba la shule yetu hapa Rukoki, wengi wetu hupita na majembe yetu bila kuyatazama. Mimi pia nilikuwa hivyo mpaka muhula uliopita, mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alipotuamuru tuchume kila mmoja ua moja na kulifungua kwa ncha ya sindano. Nataka kuwaeleza nilichokiona, kisha niwasimulie maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, ambaye amenifurahisha sana na pia amenikasirisha.

Ua la mharagwe lina petali tano. Moja ni kubwa, nayo imesimama nyuma kama bendera. Mbili ziko ubavuni, moja kulia na moja kushoto, na hizo huitwa mabawa. Mbili za mwisho zimeungana chini zikafanya kitu kama mkuku wa mashua, na ndani yake zimefichwa sehemu za kiume na za kike za ua. Nyuki akija, hutua juu ya mabawa. Uzito wake huyakandamiza pamoja na ule mkuku, ndipo chavua, yaani unga wa ua, humshika mwilini. Basi mabawa ya ua hayaruki. Kazi yake ni kumpa mahali pa kukanyaga yule anayeruka.

Juma lililofuata mwalimu alileta darasani fuvu la kichwa lililotengenezwa kwa plasta. Katikati ya fuvu, nyuma ya macho, kuna mfupa uitwao sfenoidi. Ukitolewa peke yake unafanana na popo aliyekunjua mabawa: una mabawa mawili makubwa na mawili madogo, na chini yake vinaning'inia vipande viwili ambavyo jina lake la Kigiriki maana yake ni chenye umbo la bawa. Kisha mwalimu akatuambia tushike pua zetu. Zile nyama laini za pembeni, zinazotanuka tunapohema baada ya mbio, madaktari huziita mabawa ya pua. Mfupa wa nyonga nao una bawa lake. Hata ile nyama inayoota juu ya jicho la mtu aliyekaa miaka mingi katika jua na vumbi, kama tuionavyo kwa baadhi ya wazee wetu, jina lake la kidaktari maana yake ni bawa dogo.

Nikauliza ni nani aliyevipa mabawa vitu ambavyo haviwezi kuruka. Wenzangu wakacheka, lakini mwalimu hakucheka. Alinijibu kwamba majina mengi ya sehemu za mwili yametoka kwa waganga wa kale wa Uyunani na Roma, pamoja na wale waliowafuata. Kwa upande wa mimea, mtu aliyeyakusanya maneno na kuyapanga vizuri kuliko wote ni Carl Linnaeus. Akaniazima kitabu chenye habari zake.

Linnaeus alizaliwa tarehe 23 Mei, mwaka 1707, katika kijiji cha Råshult, kusini mwa nchi ya Uswidi. Baba yake, Nils, alikuwa kasisi aliyependa sana bustani. Jina la ukoo wao lenyewe lilitokana na mti, mti mkubwa wa mlindeni uliokuwa katika ardhi ya jamaa zao. Mtoto akakua katikati ya maua, akiuliza majina yake na kuyasahau na kuuliza tena.

Shuleni, katika mji wa Växjö, hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Wazazi wake walitaka awe kasisi kama baba yake, lakini masomo ya dini hayakumwingia, na mara nyingi alitoroka kwenda porini kutafuta mimea. Baba yake alipokwenda kuuliza maendeleo yake, walimu walimshauri amwondoe mtoto huyo akajifunze kazi ya mikono. Baba akahuzunika sana. Kwa bahati nzuri, mmoja wa walimu, Daktari Johan Rothman, aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Alisema kijana huyu angefaa kuwa daktari, akamchukua nyumbani kwake na kumfundisha. Wenzangu ambao mmekwisha kuandikiwa maneno mabaya katika ripoti, msikate tamaa.

Mwaka 1727 aliingia chuo kikuu cha Lund, na mwaka uliofuata akahamia Uppsala. Huko alikuwa maskini sana. Inasimuliwa kwamba viatu vyake vilipotoboka alitia karatasi ndani ili aweze kutembea. Siku moja mzee mmoja msomi, Olof Celsius, alimkuta katika bustani ya chuo akichunguza mimea, akashangaa kuona jinsi alivyoijua. Akampa chumba na chakula nyumbani kwake. Mwaka 1730 Linnaeus, akiwa bado mwanafunzi, alianza kuwafundisha wengine katika bustani ile ile.

Mwaka 1732 alifunga safari ya miezi mitano kwenda Lapland, nchi ya baridi kali kaskazini mwa Ulaya. Alikaa na Wasami, watu wafugao kulungu wa kaskazini. Alitazama chakula chao, mavazi yao na dawa zao, akaandika kwa heshima juu ya afya yao na maisha yao. Jambo hili naomba mlikumbuke, kwa maana nitalirudia.

Mwaka 1735 alikwenda Uholanzi, akapata shahada ya udaktari katika mji wa Harderwijk. Mwaka huo huo mjini Leiden kilichapishwa kitabu chake kiitwacho Systema Naturae, chenye kurasa chache lakini kubwa, ambamo alijaribu kuvipanga viumbe vyote katika jamaa zake. Tajiri mmoja, George Clifford, akamwajiri atunze bustani yake karibu na mji wa Haarlem. Sisi wa Uganda tutafurahi kusikia kwamba katika nyumba ya vioo ya Bwana Clifford mlikuwa na mgomba, nao Linnaeus aliushughulikia kwa udongo, joto na maji mpaka ukatoa ua. Ulaya nzima ilishangaa, naye mwaka 1736 akaandika kitabu kizima juu ya mgomba mmoja! Nadhani bibi yangu kule Bwera, mwenye migomba nyuma ya jiko, angemcheka kidogo, kisha angemkaribisha.

Aliporudi Uswidi alifanya kazi ya udaktari mjini Stockholm, akamwoa Sara Elisabeth Moraea mwaka 1739, na mwaka 1741 akawa profesa wa utabibu huko Uppsala. Wanafunzi walimpenda mno. Siku za matembezi walitoka naye kwa makundi makubwa kwenda mashambani kukusanya mimea na wadudu, na jioni walirudi mjini kwa baragumu na ngoma. Baadhi yao aliwatuma nchi za mbali, akiwaita mitume wake. Wengine hawakurudi. Mmoja wao, Peter Forsskål, alikufa kwa homa nchini Yemen mwaka 1763.

Mwaka 1751 alitoa kitabu cha Philosophia Botanica, kilichoeleza maneno ya kutumia katika elimu ya mimea. Yeye hakuwa wa kwanza kulifananisha ua la jamii ya maharage na kipepeo, lakini humo alieleza wazi sehemu zake: bendera, mabawa na mkuku. Maneno mengine yalitembea kutoka mwilini mwa mtu mpaka kwenye mmea. Kwa Kilatini bawa ni ala, na neno hilo hilo lilikuwa pia jina la kwapa. Likafanywa dogo likawa axilla. Wataalamu wa mimea wakalichukua kwa ile pembe iliyo kati ya jani na shina, mahali ambapo chipukizi hutokea. Nasi kwa Kiswahili twasema kwapa la jani.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1753, alichapisha Species Plantarum, chenye mimea ya namna karibu 6,000. Zamani jina la kitaalamu la mmea mmoja liliweza kuwa sentensi nzima. Yeye aliupa kila mmea jina la maneno mawili tu. Maharage yetu yakawa Phaseolus vulgaris. Kahawa ya milimani, ile inayopandwa hapa katika miteremko ya Rwenzori, ikawa Coffea arabica. Mwaka 1758 akafanya hivyo hivyo kwa wanyama. Nyuki anayetua juu ya bawa la ua la mharagwe akaitwa Apis mellifera, na mwanadamu akaitwa Homo sapiens, maana yake mtu mwenye hekima.

Mpaka hapo nilikuwa nikisoma kwa furaha kubwa. Kisha nikafika ukurasa ambao ulinifanya nikifunge kitabu. Katika toleo lile lile la mwaka 1758 Linnaeus aliwagawa wanadamu katika mafungu manne kwa mabara yao na rangi zao, na kila fungu akalipa tabia. Mzungu alimpa akili na ubunifu, na kutawaliwa kwa sheria. Mwafrika alimwita mvivu, mwenye hila na asiyejali, anayeongozwa na matakwa yake tu. Wala hakuwahi kukanyaga bara la Afrika.

Kwa siku tatu sikukigusa kitabu kile. Nilimfikiria baba yangu, anayeamka kabla ya jogoo kwenda shambani. Nilimfikiria bibi yangu, ambaye hakusoma, lakini ajua kwa Lukonzo majina ya kila namna ya maharage, na ni ipi ipandwe juu mlimani na ipi chini bondeni. Siku ya nne nilimrudishia mwalimu kitabu, nikamwambia kwamba sitaki habari za mtu huyo.

Mwalimu hakunilaumu. Aliniuliza tu kama ua la mharagwe nililifungua nusu au lote. Nikajibu kwamba nililifungua lote. Akaniambia nimfungue na Linnaeus vivyo hivyo, nitazame ni wapi aliona kwa macho yake na ni wapi aliandika ya kusikia. Nikakichukua tena kitabu, nikaona kwamba mwalimu amesema kweli. Mabawa ya ua aliyaona mwenyewe, na hata leo yako palepale alipoyaonyesha. Wasami alikaa nao, akawaheshimu. Lakini Waafrika aliwaandika kwa kutegemea habari za wengine na fikira za watu wa zama zake, na palepale kalamu yake ilipotea. Kosa hilo halikubaki kitabuni. Wengine waliokuja baadaye walilijengea juu yake, wakalitumia kuhalalisha kuwatawala na kuwadharau watu wa rangi nyingine.

Lakini fuvu lile la plasta linamjibu. Kila mwanadamu aliyezaliwa ana mfupa ule wa popo nyuma ya macho yake, Mswidi, Mchina au Mkonzo. Mabawa makubwa mawili na madogo mawili. Elimu ya leo imethibitisha kwamba sisi sote ni wa namna moja, na kwamba chimbuko letu sote ni hapa Afrika.

Linnaeus alipatwa na ugonjwa wa kupooza mwaka 1774, na nguvu zake zikapungua mwaka hata mwaka. Alikufa tarehe 10 Januari 1778, akiwa na umri wa miaka 70, akazikwa katika kanisa kuu la Uppsala. Mwaka 1959 mtaalamu wa mimea kutoka Uingereza, William Stearn, aliandika kwamba ikiwa kila namna ya kiumbe inahitaji kielelezo kimoja cha kuwakilisha jina lake, basi kielelezo cha Homo sapiens na awe Linnaeus mwenyewe. Kwa hiyo mtu aliyetutenga katika mafungu ndiye anayetuwakilisha sote, na mfupa ulio katika fuvu lake huko Uppsala una mabawa yale yale niliyo nayo mimi.

Nami nina langu la kukiri. Kabla sijaja Rukoki niliambiwa kwamba watu wa kabila fulani ni wachoyo na si wa kuaminika, nikasadiki bila kumwona hata mmoja. Bwenini nilipangiwa kitanda karibu na kijana wa kabila hilo, na wiki nzima sikumsemesha. Nilipougua malaria, yeye ndiye aliyeniletea uji na maji usiku, na kuninakilia masomo niliyoyakosa. Nilikuwa nimefanya lile lile lililonikasirisha kwa Linnaeus, tena bila udhuru wowote, kwa maana yeye alikuwa mbali nasi maelfu ya maili, na mimi nilikuwa mbali na mwenzangu mkono mmoja tu.

Basi, wenzangu, mkipita shambani asubuhi, simameni kidogo mfungue ua moja la mharagwe. Msimu wa upepo okoteni mbegu za ule mti wenye maua mekundu kama moto, ambao Waganda huuita kifabakazi, mwone bawa jembamba kama karatasi linaloichukua mbegu mbali na mama yake. Na mkiandika habari za mtu, mwendeeni kwanza mkamwone.