Tabibu Aliyechunguza Asili ya Funza

Kwa muda wa karibu miaka elfu mbili wenye elimu walisadiki kwamba nyama ikioza huzaa funza yenyewe, bila ya mzazi wala yai. Aristotle wa Uyunani aliandika kuwa wako wadudu watokeao hivyo, na neno lake likapokewa kizazi baada ya kizazi. Kurani Tukufu inawalaumu vikali wale ambao hoja yao pekee ni kuwa waliwakuta baba zao juu ya njia fulani. Sisi huisoma lawama hiyo zaidi katika mambo ya ibada, lakini inafika hata kwenye nyama iliyotundikwa buchani.

Mtu aliyeipima imani hiyo ni Francesco Redi, aliyezaliwa Arezzo, nchini Italia, mwaka 1626, mwana wa tabibu. Alihitimu utabibu katika Chuo Kikuu cha Pisa mwaka 1647, kisha akawa tabibu wa watawala wa Toscana mjini Florence. Mwaka 1664 alitoa kitabu juu ya nyoka, akionyesha kuwa sumu ya kipiribao haitoki katika nyongo, kama ilivyodhaniwa, bali katika vifuko vya menoni; na kwamba huua ikiingia damuni, ila ikimezwa haidhuru.

Jaribio lake mashuhuri lilichapwa mwaka 1668. Alichukua chupa nne zenye midomo mipana, akatia nyoka katika moja, samaki wa mtoni katika nyingine, mikunga katika ya tatu, na kipande cha nyama ya ndama katika ya nne, akaziziba. Akatayarisha nyingine nne za namna hiyo hiyo, akaziacha wazi. Zilizo wazi nzi waliingia na kutoka, na baada ya siku chache zikajaa funza. Zilizozibwa hazikuwa na funza hata mmoja. Lakini huenda mtu akasema kuwa zilikosa hewa, na hewa ndiyo iletayo uhai! Redi aliliona swali hilo kabla hajaulizwa. Akafunika vyombo vingine kwa kitambaa chepesi kipitishacho hewa. Nzi wakavutwa na harufu, wakawa wanatua juu ya kitambaa. Nyama ya ndani ikaoza pasipo kuzaa kitu. Wachinjaji na wawindaji walikuwa wakifunika nyama kwa vitambaa zamani sana, wala hakuna mwanachuoni aliyewauliza kwa nini.

Mwanzoni mwa kitabu hicho aliweka methali ya Kiarabu, isemayo kwa maana kuwa ajaribuye huongeza elimu, na asadikiye kila aambiwalo huongeza makosa.

Hata hivyo methali hiyo haikumlinda kila mahali. Katika majani ya mwaloni huota vivimbe, na ukivipasua utakuta mdudu ndani. Redi hakuona mlango wa kuingilia, akafikiri kwamba nguvu ile ile iufanyayo mti kutoa maua na matunda ndiyo imzaayo mdudu huyo. Marcello Malpighi, mwananchi mwenzake, alichunguza kwa subira zaidi, na mwaka 1679 akaeleza kuwa mdudu mzazi hutoboa mmea na kutaga yai humo. Nguvu ya uzazi wa mmea ilikuwa na kazi yake mbali: mwaka 1694 Rudolf Camerarius wa Tübingen alionyesha kuwa mbarika ukiondolewa maua yake ya kiume hautoi mbegu kamili. Waarabu wa Madina walilijua jambo hilo kwa mitende yao. Mtume Muhammad s.a.w. aliwahi kudhani kuwa kuitilia mitende chavua hakuna faida. Wakaacha, na mazao yakapungua. Alipoarifiwa, aliwaambia wazi kwamba mambo yao ya dunia wanayajua zaidi wao. Ni nabii mkweli tu awezaye kusema hivyo mbele ya wafuasi wake.

Mwaka 1684 Redi alichapa uchunguzi wake juu ya viumbe waishio ndani ya viumbe wengine. Alieleza aina zaidi ya mia moja, pamoja na mnyoo bapa wa ini la kondoo, na akaona kuwa minyoo mviringo ya tumboni ina dume na jike. Aliitia minyoo katika maji na katika dawa mbalimbali, akalinganisha ipi hufa upesi. Ajabu ni kuwa, baada ya kuona hayo yote, hakuachana kabisa na dhana kwamba mwili ulio hai waweza kuizaa.

(Ameandika pia shairi refu la kusifu mvinyo wa Toscana, katika hilo hatumfuati.)

Mwaka 1687 tabibu Giovanni Cosimo Bonomo alimwandikia barua, akieleza kuwa upele husababishwa na kidudu kidogo kichimbacho ngozini na kutaga mayai humo. Redi alikuwa amekwisha dhoofika kwa kifafa. Alifariki Pisa tarehe 1 Machi 1697, akazikwa Arezzo. Katika karne ya 19 wataalamu waliipa jina la redia hatua mojawapo ya maisha ya mnyoo wa ini, ile ipitiayo ndani ya konokono.