Johann Wilhelm Ritter na Miale Isiyoonekana

Katika masomo yetu ya fizikia jina la Ritter hupita kwa mstari mmoja tu, halafu husahauliwa. Nimeona si haki. Kwa hiyo nimetafuta habari zake, nami nawaletea ninyi wenzangu, pamoja nanyi wakubwa wetu mliokwisha kutoka shuleni, nikitumaini hamtachoka kuzisoma.

Johann Wilhelm Ritter alizaliwa tarehe 16 Desemba 1776 katika kijiji cha Samitz, nchi ya Silesia, ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika Poland. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti. Alipofika umri wa miaka kumi na minne alipelekwa mji wa Liegnitz kujifunza kazi ya kutengeneza na kuuza dawa. Huko alizoea kupima na kuchanganya, lakini moyo wake ulitaka elimu zaidi. Katika 1796, alipopata urithi mdogo, akaiacha mizani ya dawa akaenda zake Chuo Kikuu cha Jena.

Siku zile Jena ilijaa watu wenye akili. Goethe, mtunga mashairi mashuhuri, alimjua. Novalis alikuwa rafiki yake. Wengi wao waliamini kwamba maumbile yote yamepangwa jozi jozi: sumaku ina ncha mbili, umeme una pande mbili, na kadhalika. Ritter aliishika imani hiyo kwa nguvu sana. Kumbukeni jambo hili, maana ndilo lililompandisha na ndilo lililomwangusha.

Katika 1800 William Herschel, aliyekuwa Uingereza, aliipitisha nuru ya jua katika mche wa kioo, akaweka kipimajoto ng'ambo ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana nuru yo yote. Kipimajoto kikapanda. Ritter alipopata habari hii akawaza hivi: ikiwa kuna kitu ng'ambo ya nyekundu, basi lazima kiwepo kinyume chake ng'ambo ya urujuani. Kwa maoni yangu hoja hiyo ni dhaifu, na mwalimu wetu ye yote angeikataa. Lakini Ritter hakukaa na hoja tu. Katika Februari 1801 alichukua karatasi iliyopakwa kloridi ya fedha, chumvi ambayo hugeuka nyeusi ikipigwa na nuru, akaiweka katika rangi zile. Karatasi iliingia weusi kwa urujuani kuliko kwa nyekundu; jambo hilo Scheele, mwuza dawa wa Sweden, alikuwa amekwisha kulionyesha. Ila weusi uliozidi wote ulitokea ng'ambo ya urujuani, mahali ambapo jicho halioni kitu. Miale hiyo ndiyo twaiita leo urujuanimno.

Hapa naomba ruhusa nimwache Ritter kidogo, nieleze miale hiyo hufanya nini. Mko mnaojua ule utelezi wa kijani wenye kufanana na buluu unaoota juu ya mawe na matangi ya maji. Mara nyingi ni viumbe vidogo mno viitwavyo sianobakteria. Hao ndio chakula kikuu cha heroe wadogo katika maziwa ya magadi ya jirani zetu, kama Bogoria na Nakuru huko Kenya. Viumbe hivi hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua, na kwa hiyo haviwezi kujificha gizani siku zote. Lakini nuru ile ile huja na urujuanimno. Ndani ya chembe zao mna protini iitwayo D1, katika mtambo ule unaopasua maji na kutoa oksijeni. Urujuanimno huivunja. Chembe hutengeneza nyingine mpya, lakini miale ikivunja upesi kuliko chembe inavyotengeneza, kazi ya kujipatia chakula hupungua, na huweza kusimama. Tena rangi zao za kunasia nuru huchujuka, na urithi wao wa DNA huharibika.

Nao hawakubali kufa hivi hivi. Wengine huteleza kushuka ndani ya tope jua linapokuwa kali, wengine hujifunika ala yenye rangi ya kahawia, sitonemini, inayoizuia miale kabla haijafika ndani. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba oksijeni waliyotoa wazee wao, zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, ndiyo iliyozaa ozoni huko juu angani, na ozoni hutukinga sisi sote na sehemu kubwa ya miale hiyo.

Ritter hakuyajua hayo. Yeye aliendelea na umeme. Karibu na mwaka 1802 alitengeneza chombo cha kuweka umeme akiba, babu wa betri zetu za magari. Lakini alijaribu umeme juu ya mwili wake mwenyewe: machoni, masikioni, ulimini, tena na tena, hata afya yake ikaharibika. Huo naona ni ujasiri usio na kiasi.

Kisha zile jozi zake zikamponza. Alidai kwamba dunia ina ncha za umeme kama ilivyo na ncha za sumaku. Rafiki yake Ørsted alipoipeleka habari hiyo Paris, haikuthibitika. Alipokwisha hamia München, katika chuo cha wataalamu wa Bavaria, akamwamini mkulima mmoja Mwitaliano, Campetti, aliyesemwa kwamba aweza kutambua maji na madini chini ya ardhi. Wenzake wakamcheka, na hata mambo yake yaliyo ya kweli wakayatilia shaka.

Alikufa tarehe 23 Januari 1810, maskini, mwenye mke na watoto, naye hajatimiza miaka thelathini na minne. Kitabu chake cha mwisho kilitoka mwaka huo huo.