Muyaka bin Haji na Mafumbo Yake

Wanafunzi wa darsa yetu hapa Nyeri, na wenzao wa Karatina na Nanyuki, wametuuliza kwa nini Muyaka asomwe ilhali hafahamiki. Swali hili si utovu wa adabu. Wengi wao wamezaliwa mbali na bahari, na Kimvita wamekisikia vinywani mwa babu zao tu. Basi yatupasa tumweleze mtu mwenyewe.

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776, akafariki yapata 1840. Karibu umri wake wote ulipita katika enzi ya Mazrui, waliokataa kuutii ufalme wa Busaidi. Aliutetea mji wake kwa ulimi: akawachokoza watu wa Lamu, ambao nao walikuwa na Bwana Zahidi Mngumi wa kumjibu, na watu wake mwenyewe akawasuta walipozembea. Alitunga pia juu ya mapenzi, nyumba na ukata. Husemwa kwamba ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Wako wanaomlaumu kwa hilo, sisi hatumo.

Ama ugumu wake, sehemu aliukusudia. Shairi lililovuka bahari kwenda kwa hasimu lilikuwa silaha. Aliyepelekewa hana budi alifumbue, kisha ajibu, ama aaibike. Mombasa ya siku zile ilijua nani anasemwa na kwa kisa gani, hata mchuuzi wa samaki alicheka. Lakini mwaka 1837 Seyyid Said aliutwaa mji, wenye visa wakafa, yakabaki maneno bila watu wake. Kama si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890, kuyakusanya mashairi hayo na kumfafanulia Mwingereza William Taylor, mengi yangalipotea.

Sehemu nyingine si ya Muyaka kabisa, ni ya kalamu. Waandishi wengi wa kale, kwa kuwa herufi za Kiarabu hazina p, waliandika b mahali pake. Msomaji akutanapo na neno moja hajui kama ni paa au ni baa. Tumepata kuona watu wazima wakibishana usiku kucha kwa nukta moja.

Kwa hiyo hatumhesabu Muyaka kuwa na kosa. Tunaowalaumu ni washairi wa leo waokotao maneno makuukuu hali hawana siri ya kuficha. Sheikh al-Amin bin Ali, wa ukoo ule ule wa Mazrui, alipotoa Sahifa mwaka 1930 aliandika Kiswahili cha wazi, kwani alisema na umma mzima. Muyaka aghalabu alisema na mtu mmoja, mji wote ukisikiliza.

Diwani yake ilipigwa chapa Johannesburg mwaka 1940 kwa kazi ya Hichens, na mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chenye maelezo ya nyakati zake. Katika darsa tutashika hicho cha pili, na tutaanza na mashairi ya dhiki, ambayo hata Nanyuki hayataki mfasiri.