Dakta Krapf na Taabu ya Ugeni

Aliyeko Ngaremara, katika Isiolo, huuona Mlima Kenya upande wa kusini anga likiwa safi. Johann Ludwig Krapf aliuona kutoka upande wa pili, Ukambani, tarehe 3 Desemba 1849. Na huko Ulaya wako waliokataa kumsadiki.

Mtu huyu alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, mtoto wa mkulima. Mwaka 1837, akiwa kijana wa miaka 27, alitumwa Uhabeshi kuhubiri Ukristo. Alipozuiliwa huko alikuja Unguja, na Sayyid Said bin Sultan akampa barua kwa maliwali wake. Alifika Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka huo mkewe, Rosina, alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Aliwazika, akabaki.

Huko Rabai waliomfuata katika dini yake walikuwa wachache mno. Lakini alikaa kitako akajifunza Kiswahili kwa wenyewe. Mwaka 1850 ilipigwa chapa sarufi yake. Na kamusi yake ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Ndugu zangu, dini yake si yetu, na aliyoyahubiri hatuyakubali. Lakini subira na elimu hazikatazwi kutazamwa kwa mwingine. Yeye alivuka bahari. Sisi Ngaremara imo katika nchi yetu. Basi na tujiulize: ni vijana wangapi wa mwambao waliojifunza Kiturkana, wapate kusema na watu wa huko kwa lugha yao?