Ira Aldridge: Othello aliyenyimwa jukwaa London, akatunzwa ugenini

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo isemavyo methali. Kwa mwigizaji Ira Aldridge mambo yalikwenda kinyume. Alikozaliwa alinyimwa jukwaa, alikohamia alibaguliwa, na tuzo zake kubwa alizipata katika nchi ambazo watazamaji wengi hawakuielewa hata lugha aliyoigizia.

Aldridge alizaliwa New York, Marekani, Julai 24, 1807, katika familia ya watu weusi walio huru. Akiwa kijana alivutiwa na kikundi cha maigizo cha weusi wenzake kilichothubutu kuonyesha tamthilia za William Shakespeare. Kikundi hicho kiliandamwa na wahuni pamoja na polisi hadi kikasambaratika. Aldridge akavuka bahari kwenda Uingereza.

Mwaka 1825, akiwa na umri wa miaka 18 tu, alishika nafasi kuu katika ukumbi wa Coburg, London. Hata hivyo, kumbi kubwa za jiji hilo hazikumtaka, naye akalazimika kutafuta riziki kwa kuzunguka miji ya mikoani. Mwaka 1828 alikabidhiwa uendeshaji wa ukumbi wa maonyesho wa Coventry. Mara nyingi baada ya onyesho aliwageukia watazamaji na kuwaeleza ubaya wa utumwa.

Nafasi aliyoingojea ilifika mwaka 1833 kwa njia ya msiba. Machi 25, gwiji wa jukwaa Edmund Kean alianguka akiigiza Othello katika ukumbi wa Covent Garden, na hakuigiza tena. Aprili 10, Aldridge alipanda jukwaa hilo hilo kwa nafasi hiyo hiyo.

Wakati huo Uingereza ilikuwa katika mjadala mkali juu ya kukomesha utumwa katika makoloni yake. Watazamaji walimshangilia, lakini baadhi ya magazeti yalimshambulia kwa sababu ya rangi yake, yakichukizwa hata na kumwona akimgusa mwigizaji mzungu, Ellen Tree, aliyecheza kama Desdemona. Baada ya usiku wa pili maonyesho yake yalisitishwa. Agosti mwaka huo sheria ya kukomesha utumwa ilipitishwa. Mlango wa Covent Garden haukumfungukia tena.

Kwa takriban miaka 20 alirudi mikoani, akapanua orodha ya wahusika wake. Alijipaka rangi nyeupe usoni ili aigize Macbeth, Mfalme Lear na Shylock, yule mkopeshaji ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mwaka 1969.

Mwaka 1852 alivuka kwenda bara la Ulaya. Huko, mara nyingi alisema Kiingereza huku wenzake jukwaani wakimjibu kwa Kijerumani au Kirusi, na bado kumbi zilifurika. Mfalme wa Prussia alimtunuku nishani ya dhahabu. Mwaka 1858, mjini St Petersburg, alifanya urafiki na mshairi Taras Shevchenko wa Ukraine, ambaye naye alizaliwa chini ya kongwa la utwana. Shevchenko alimchora picha ambayo ipo hadi leo.

Aldridge alipata uraia wa Uingereza mwaka 1863. Miaka miwili baadaye aliigiza tena Othello mjini London, safari hii katika ukumbi wa Haymarket.

Alifariki dunia Agosti 7, 1867, akiwa ziarani mjini Łódź, Poland, na ndiko alikozikwa. Binti yake Amanda, aliyekuwa mwanamuziki, aliishi hadi kumwona Mmarekani mweusi mwingine, Paul Robeson, akiigiza Othello jijini London mwaka 1930. Robeson alipita katika njia ambayo Aldridge alikuwa ameanza kuifyeka karibu karne moja kabla yake.