Felice Benuzzi: Mfungwa aliyetoroka kambini ili apande Mlima Kenya

Wanaopanda Mlima Kenya siku hizi huandamana na waongozaji na wapagazi, wakiwa na mahema na ramani za kuaminika. Mwezi Januari 1943, wafungwa watatu wa Kiitalia waliuendea mlima huo wakiwa na vifaa walivyojitengenezea kwa siri, na picha iliyobanduliwa kwenye kopo la nyama. Kiongozi wao alikuwa Felice Benuzzi.

Benuzzi alizaliwa mjini Vienna mwaka 1910, baba yake akiwa Mwitalia na mama yake Mwaustria. Alikulia Trieste, mji ulio karibu na milima, na huko ndiko alikojifunza kupanda majabali tangu ujanani. Alikuwa pia mwogeleaji hodari. Baada ya kusomea sheria mjini Roma, alijiunga na utumishi wa kikoloni na mwaka 1938 akapelekwa Ethiopia, iliyokuwa imetwaliwa na Italia.

Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza yaliingia Addis Ababa. Benuzzi akakamatwa, na hatimaye akajikuta katika Kambi namba 354 huko Nanyuki, chini ya mlima wenyewe. Maisha ya kambini hayakuwa ya mateso makali, lakini siku zilifanana mno hata mtu akapoteza hesabu yake. Kutoroka moja kwa moja lilikuwa jambo gumu kufikirika, kwani nchi ya karibu isiyokuwa vitani ilikuwa Msumbiji ya Wareno, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Ndipo asubuhi moja mawingu yakafunguka, na kilele kikajitokeza kikiwa kimevikwa theluji. Tangu hapo Benuzzi akawa na kazi ya kufanya.

Maandalizi yalichukua miezi kadhaa. Nyundo zilifuliwa upya zikawa mashoka ya kukatia barafu. Vipande vya chuma na nyaya za miba vikageuzwa kuwa kucha za kuvaa chini ya viatu, na kamba za katani zikakusanywa kidogo kidogo. Chakula kiliwekwa akiba kutoka katika posho ya kila siku. Alama ya ufunguo wa lango la bustani ya mboga ilichukuliwa kwa lami, na ufunguo wa pili ukachongwa. Wenzake walikuwa daktari Giovanni Balletto, aliyewahi kupanda milima, na Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwa na ujuzi huo.

Tarehe 24 Januari 1943 watatu hao walitoka, wakiwa wamemwachia mkuu wa kambi barua ya kumwarifu kwamba wangerudi. Mwanzoni walisafiri usiku ili wasionekane na watu wa mashambani, kisha wakafuata bonde la mto na kuzama msituni. Balaa hazikukawia. Barsotti alishikwa na ugonjwa tangu siku za mwanzo. Msituni walikumbana na tembo, nao hawakuwa na silaha ya maana. Mizigo iliwaelemea, na chakula kikapungua upesi kuliko walivyotarajia.

Barsotti akabaki katika kambi yao ya chini, naye Benuzzi na Balletto wakajaribu kukifikia Batian, kilele cha juu kabisa chenye mita 5,199. Ile picha ya kopo ilionyesha upande mwingine wa mlima, hivyo waliparamia majabali wasiyoyajua. Dhoruba ya theluji iliwakuta katikati ya jabali, ikawalazimu kurudi chini wakiwa hoi.

Hawakukata tamaa. Tarehe 6 Februari walifika Lenana, kilele cha tatu kwa urefu, chenye mita 4,985. Wakasimika bendera ya Italia na kuacha chupa yenye majina yao. Baadaye bendera hiyo ilikutwa na wapanda milima wengine.

Safari ya kurudi ilikuwa ya njaa tupu. Hata hivyo waliingia tena kambini kwa siri, kama walivyotoka, kisha wakajisalimisha. Walikuwa wametoweka kwa muda wa siku 18. Adhabu ilikuwa siku 28 za kifungo cha upweke, lakini mkuu wa kambi aliipunguza hadi siku saba kwa kuuthamini ushujaa wao.

Benuzzi alirejea Italia mwaka 1946. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo, ambacho hadi leo husomwa na wapenda milima wa mataifa mengi. Kisha akawa mwanadiplomasia, akiiwakilisha nchi yake katika mabara mbalimbali. Alifariki dunia mjini Roma mwaka 1988.

Kilele cha Batian hakukifikia, na uhuru wenyewe aliuonja kwa siku 18 tu. Lakini alirudi nyuma ya senyenge kwa hiari yake, akiwa si yule mtu aliyekuwa akisubiri tu siku zipite.